Rangi ya fedha (GMS) ya kutafuta fangasi kwenye tishu: mwongozo kamili kwa maabara za Kanda ya Ziwa

Slaidi za GMS (Grocott, methenamini, silva) ninazoletewa Mwanza niziangalie mara ya pili huwa na makosa mawili yanayojirudia. Nyingine ni nyeusi tii kona hadi kona. Nyingine ni kijani safi, hazina hata doa, na kwenye fomu kumeandikwa "fangasi hawajaonekana".

Hiyo ya kijani ndiyo inayoninyima usingizi. Slaidi nyeusi kila mtu anaona imeharibika, kwa hiyo inarudiwa. Ya kijani inasainiwa na kutoka. Mgonjwa mwenye histoplasma (aina ya fangasi) kwenye tezi anaendelea kumeza dawa za kifua kikuu, kwa sababu magonjwa haya mawili hufanana wodini na hata kwenye H&E, rangi yetu ya kila siku: vinundu vilevile, nekrosisi (tishu iliyokufa) ileile. Kinachoyatenganisha mara nyingi ni slaidi hii.

Mwongozo huu ni wa njia ya Grocott kwa mkono, kwenye maabara isiyo na mashine ya kujiendesha. Usome wote kabla ya kushika chupa.

## Vifaa na kemikali

Andaa hivi vyote mezani kabla ya kuanza. Ukianza kutafuta kitu slaidi zikiwa ndani ya fedha, umechelewa.

Miyeyusho:

- Asidi ya kromiki 5%
- Sodiamu baisalfaiti 1%
- Methenamini 3%
- Silva naitreti 5%
- Boraksi 5%
- Kloraidi ya dhahabu 0.1%
- Sodiamu thaiosalfeti 2%
- Laiti grini: gramu 0.2 kwenye mililita 100 za maji ya distili, pamoja na mililita 0.2 za asidi kali ya asetiki. Siku ya kazi chukua mililita 10 za hii, ongeza mililita 50 za maji.

Akiba ya fedha: chukua mililita 100 za methenamini 3%, mimina mililita 5 za silva naitreti 5%. Papo hapo utaona utando mweupe kama maziwa. Usishtuke. Tikisa na utayeyuka, myeyusho uwe angavu. Weka kwenye chupa ya kahawia, ndani ya friji. Ukikuta chini kuna mashapo meusi, chupa hiyo imekwisha kazi.

Vyombo: mitungi ya Coplin ya kioo (ile midogo ya kusimamishia slaidi), wota bathi, kipimajoto cha kioo, koleo la plastiki, hadubini karibu na meza, na chupa ya chai yenye maji moto (nitaeleza kazi yake).

Slaidi: zenye chaji au zilizopakwa gundi ya maabara. Fedha ya moto yenye alkali hubandua tishu kwenye slaidi za kawaida, ukabaki na kioo kitupu.

Kontroli: kipande cha tishu ambacho tayari unajua kina fangasi. Bila hiki, usianze.

### Kontroli utaipata wapi

Hapa ndipo maabara nyingi ndogo zinapokwama, na jibu mara nyingi liko kwenye kabati lao. Pekua bloku za zamani (tishu zilizohifadhiwa ndani ya nta): mycetoma ya mguu iliyosababishwa na fangasi, kriptokokasi, aspajilasi ya mapafu. Bloku moja nzuri inakatwa vipande vingi sana. Itunze, iandike, isiazimwe ovyo.

Kwa mazoezi ya mkono tu, unaweza kusaga ini la ng'ombe la buchani, ukachanganya na hamira iliyoloweshwa, ukagandisha ndani ya fomalini na kuandaa bloku kama kawaida. Seli za hamira zina ukuta unaoshika fedha. Inamfundisha mwanafunzi rangi inavyopanda, lakini isitumike kuthibitisha jibu la mgonjwa.

Kama unatafuta nyumosistisi, fangasi wa mapafu, kontroli nayo iwe ya nyumosistisi. Inapanda rangi tofauti na aspajilasi, na ikizidishwa kidogo tu kitone chake cha ndani kinafunikwa.

Kipande cha kontroli kiwe kwenye slaidi moja na kipande cha mgonjwa. Kikiwa kwenye slaidi ya pembeni hakikupi uhakika huo, kwa sababu slaidi mbili ndani ya mtungi mmoja zinaweza kupata joto tofauti.

## Kabla ya rangi: sampuli yenyewe

Kanda hii sampuli husafiri. Inatoka Ukerewe kwa meli ya Nansio, au Sengerema, au Geita, na ikifika mjini ina siku mbili ndani ya kikopo. Nimefungua vikopo vyenye spiriti, vyenye drip, na kimoja kilichokuwa na pamba kavu tu. Hakuna rangi itakayoponya tishu iliyooza.

Waambie wenzetu wa vituo vya mbali mambo mawili kwa simu, tena na tena:

1. Fomalini ya 10% yenye bafa, ujazo wake uwe mara 10 ya nyama. Kipande kinyooke kwenye chupa ya mdomo mpana.
2. Daktari akihisi fangasi, akate kipande kingine kibichi kwa ajili ya kuotesha kabla ya kugusa fomalini. Fomalini ikishaua fangasi huwezi tena kuwaotesha, na GMS peke yake mara nyingi haiwezi kukutajia jina kamili la spishi.

## Hatua ya 1: Kuosha vyombo na kupima maji

Ukikosea hatua hii, zilizobaki hazitakuokoa.

Fedha inapenda kuganda juu ya kila kitu: mabaki ya sabuni, alama ya kidole, kutu, na zaidi ya vyote kloraidi. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani na yametiwa klorini, inayoacha kloraidi, ili tuyanywe salama. Ni mazuri kwa kunywa, lakini kwa rangi hii hayafai. Fedha ikikutana na kloraidi inakuwa unga mweupe, unga unapigwa na mwanga unakuwa mweusi, na unga huo ndio ule "ukungu" unaouona juu ya tishu.

Osha mitungi kwa asidi, suuza vizuri kwa bomba, kisha suuza mara tatu au nne kwa maji ya distili. Acha ikauke imepinduliwa.

Jaribio la sekunde kumi: weka maji yako ya distili kwenye mrija safi, dondosha tone moja la silva naitreti, tazama mbele ya kitu cheusi. Yakibaki angavu, endelea. Yakifanya ukungu mweupe, hayo si maji ya distili, hata kama dumu limeandikwa hivyo.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Katika maabara moja niliyofanya kazi, wiki nzima kila slaidi ilitoka na vumbi jeusi. Tulibadilisha silva naitreti. Tukabadilisha boraksi. Tukalaumiana. Siku ya tano mama anayetufanyia usafi akasema taratibu kuwa mashine ya distili ilikuwa imekufa tangu Jumatatu, na dumu lilikuwa linajazwa bombani ili kazi isisimame. Alikuwa anajua muda wote, sisi hatukumuuliza. Tangu siku hiyo tone la silva naitreti ndilo jambo langu la kwanza asubuhi.

Onyo: vyuma visiingie kwenye mtungi wa fedha. Koleo la chuma linaivuta fedha itoke kwenye myeyusho, na utakuta mistari myeusi pale lilipogusa.

## Hatua ya 2: Kukata

Kata mikroni 4 hadi 5. Badilisha maji ya beseni la kuelea (linalonyoosha kipande kabla hakijapanda kwenye slaidi) kila asubuhi na ulisugue. Kwa joto letu, beseni lililolala na maji huota fangasi wake, nao wanapanda juu ya kipande cha mgonjwa na kupokea rangi vizuri kabisa. Ukiona nyuzi nzuri nyeusi zimelala juu ya tishu, au zimetokeza nje ya ukingo wake, shuku beseni kabla ya kumshuku mgonjwa.

Kausha slaidi kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa dakika 30 hadi saa moja.

## Hatua ya 3: Kuondoa nta

Zailini, alkoholi kali, alkoholi nyepesi, kisha maji ya distili, kama unavyofanya kwa H&E. Usiharakishe zailini: nta ikibaki, dawa haziingii, na utapata mabaka yasiyo na rangi.

Suuza alkoholi yote itoke. Asidi ya kromiki iliyokolea ikikutana na alkoholi inaweza kuwaka moto.

## Hatua ya 4: Asidi ya kromiki, saa moja

Weka slaidi kwenye asidi ya kromiki 5%, joto la chumba, saa 1.

Ukielewa kinachotokea hapa hutakuwa na hamu ya kufupisha. Ukuta wa fangasi umejengwa kwa sukari nyingi zilizoungana. Asidi inazifungua na kuacha aldehaidi, na aldehaidi ndizo zitakazoigeuza fedha kuwa chembe nyeusi. Lakini tishu ya mgonjwa nayo ina sukari, kwenye kolajeni na kwingineko. Kwa kuwa asidi hii ni kali, inaendelea kula hadi aldehaidi chache za tishu zinaisha, huku ukuta wa fangasi, ulio na sukari nyingi zaidi, ukibaki nazo za kutosha. Ndiyo maana mwishoni fangasi wanakuwa weusi na tishu inakuwa kijani.

Ukikatisha kwenye dakika 20, tishu nzima itashika fedha. Ukisahau slaidi humo ukaenda kula, hata za fangasi zinaisha, na hiyo ni njia mojawapo ya kupata ile slaidi ya kijani safi.

Onyo: hii ni kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Fanya kazi ndani ya kabati la kunyonya hewa, vaa glavu za naitraili, koti na miwani. Usimwage kwenye sinki. Nimeeleza mwishoni namna ya kuitupa.

## Hatua ya 5: Kuondoa asidi

Suuza kwa maji ya bomba sekunde chache, kisha sodiamu baisalfaiti 1% kwa dakika 1. Umanjano wa asidi unaondoka mbele ya macho yako. Osha kwa bomba dakika 5, halafu suuza kwa maji ya distili mara tatu au nne. Hapa ndipo maji ya ziwani yanapoagwa. Kuanzia sasa hadi fedha iishe, distili tu.

## Hatua ya 6: Fedha

Wakati slaidi zipo kwenye asidi, uwe umeandaa myeyusho wa kazi:

- Boraksi 5%: mililita 2
- Maji ya distili: mililita 25
- Akiba ya methenamini na fedha: mililita 25

Changanya boraksi na maji kwanza, kisha ongeza akiba. Boraksi inaleta alkali, na bila alkali fedha haiamki. Jaza mtungi, uweke kwenye wota bathi upate joto la nyuzi 58 hadi 60 kabla ya kuingiza slaidi. Pima ndani ya mtungi wenyewe kwa kipimajoto safi kilichosuuzwa kwa distili; namba ya kwenye kioo cha mashine inasema joto la maji ya nje. Chini ya nyuzi 56 utasubiri bila mwisho. Ikipita 65, kila kitu kinakuwa cheusi pamoja.

Ingiza slaidi. Weka mbali na dirisha lenye jua.

Sasa jambo ambalo ningependa lishike kuliko yote. Vitabu vingine vinaandika dakika 30, vingine 60. Vyote viko sahihi, na hakuna hata kimoja kinachojua umri wa akiba yako au joto la bathi yako leo. Kijana mmoja niliyemfundisha alikuwa akiniita: "Dada, dakika arobaini zimetimia, nitoe?" Nami namjibu kila mara: "Kontroli inasemaje?" Baada ya wiki mbili akaacha kuniuliza saa.

Kuanzia dakika ya 20, inua slaidi kwa koleo la plastiki kila baada ya dakika 5 na uitazame dhidi ya karatasi nyeupe. Mwanzo haina rangi. Halafu inapata umanjano mwepesi, kama chai ya maziwa iliyozidi maziwa. Halafu inakolea, na ghafla, ndani ya dakika chache, inafika rangi ya bahasha ya kaki. Hapo itoe, ichovye kwenye maji ya distili ya moto, futa mgongo wa slaidi, weka chini ya hadubini ikiwa na maji hivyohivyo.

Unachotakiwa kuona kwenye kontroli: fangasi wa kahawia iliyokolea, ukuta wao umechorwa waziwazi, juu ya tishu ya manjano. Fangasi wakiwa manjano kama tishu, suuza tena kwa distili ya moto na uirudishe kwa dakika 5. Tishu ikianza nayo kuwa kahawia, simama hapohapo.

Maji ya kusuuzia yawe ya moto kwa sababu ukiirudisha slaidi baridi kwenye fedha ya moto, fedha inanyesha juu yake.

Kuta za mtungi zikianza kung'aa kama kioo cha kujitazamia, myeyusho unaishiwa. Slaidi nyingine zisiingie humo.

Umeme ukikatika katikati ya hatua hii, usizitoe slaidi. Funika bathi, na ongeza maji moto kidogo kidogo kutoka kwenye chupa ya chai, ukitazama kipimajoto. Maji ya nje tu, yasiingie ndani ya mtungi. Bathi iliyofunikwa inatunza joto vizuri, na nimemaliza kazi nyingi hivyo.

## Hatua ya 7: Dhahabu na thaiosalfeti

Suuza distili mara sita. Kloraidi ya dhahabu 0.1%, dakika 2 hadi 5. Umanjano unageuka kijivu, na fangasi wanatoka kahawia kwenda nyeusi. Dhahabu ni ghali lakini inatumika tena na tena. Irudishe kwenye chupa yake.

Suuza distili. Thaiosalfeti 2%, dakika 2 hadi 5, iondoe fedha ambayo haikugeuka. Ukiiruka, slaidi itatoka nzuri leo na baada ya muda itakuwa na giza. Osha kwa bomba, sasa unaruhusiwa.

## Hatua ya 8: Kijani

Laiti grini, sekunde 30 hadi dakika 1. Usizidishe. Kijani kizito kinafunika histoplasma, ambaye ni mikroni 2 hadi 4 tu. Ukitaka kujua kama kijani chako kimezidi, jaribu kusoma gazeti kupitia slaidi: herufi zionekane bila taabu.

Alkoholi, zailini, funika.

## Kusoma

Soma kontroli kwanza. Kontroli ikiwa imeharibika, slaidi haina jibu. Usiandike "hawajaonekana". Andika irudiwe.

Kontroli ikiwa nzuri, pitia kipande chote cha mgonjwa kwa lenzi ya 10, kisha ya 40, hasa kingo za nekrosisi. Pima ukubwa, macho yanadanganya.

- Histoplasma: mikroni 2–4, ya duara au yai, chipukizi lenye shingo nyembamba, mara nyingi kwa makundi ndani ya makrofaji (seli zinazomeza vijidudu). Aina ya Afrika, duboisii, ni kubwa zaidi, mikroni 8–15, yenye ukuta mnene.
- Kriptokokasi: ukubwa tofautitofauti, wengi mikroni 4–10, shingo nyembamba, wametengana kwa sababu ya ganda lao. Thibitisha kwa musikamini, rangi inayoonyesha ganda hilo.
- Kandida: chipukizi na nyuzi za kuungaunga kama shanga.
- Aspajilasi: nyuzi za mikroni 3–6, zenye vizuizi (kuta zinazoukata uzi ndani), zinazogawanyika kama herufi V.
- Myuko na ndugu zake: nyuzi pana, mikroni 5–25, zimekunjamana kama utepe, vizuizi haba. Hawa wanaweza kupokea fedha kwa unyonge sana. Ukiona kijani tupu huku H&E inaonyesha mishipa iliyoziba na tishu iliyokufa, amini H&E, rudi ukaitazame upya.
- Nyumosistisi: vifuko vya mikroni 4–7, vingine vimebonyea kama mpira ulioishiwa upepo, vingine vina kitone ndani.

Vinavyowadanganya watu: ute na glaikojeni hutoka kijivu, chembe nyekundu za damu na nyuzi za elastini huweza kuwa nyeusi, nokadia na aktinomaisi, ambazo ni bakteria, nazo hushika fedha, lakini uzi wao ni mwembamba, kama mikroni 1. Vumbi la fedha halina ukuta wala katikati, na ukizungusha skrubu ya hadubini utaligundua liko juu ya tishu, siyo ndani yake. Fangasi wa kweli wanaonekana wazi pale pale tishu inapoonekana wazi.

Ukiwa na shaka, pitisha kipande cha pili kwenye PAS, rangi nyingine ya kutafuta fangasi. Fedha hushika hata fangasi waliokufa. PAS inakuonyesha vizuri zaidi jinsi tishu ilivyowapokea. Hizi mbili hushirikiana.

## Kutupa mabaki

Myeyusho wa fedha uliotumika usilale mezani, wala usikaukie kwenye mtungi. Mabaki ya fedha yenye alkali yakikauka yanaweza kulipuka. Siku hiyohiyo mimina maji ya chumvi ya mezani hadi mashapo meupe yaache kutokea, chuja, kusanya mashapo kwenye chupa yenye lebo.

Asidi ya kromiki iliyotumika iweke ndani ya kabati la hewa, ongeza baisalfaiti kidogo kidogo ukikoroga. Moshi wake unasakama koo, kwa hiyo usiinamie. Rangi ya chungwa inageuka kijani. Ikishakuwa kijani yote, ongeza soda ya maabara (sodiamu kabonati) taratibu hadi karatasi ya pH isome 8 au 9, uache usiku. Asubuhi utakuta tope la kijani limetulia chini na maji angavu juu. Tope hilo linakwenda kwenye taka hatarishi. Haliendi kwenye sinki, kwa sababu mabomba ya mji huu yanateremka kuelekea ziwa lilelile tunalochotea maji.